Ruta ya Mama Ilivyovuliwa Nguo

Kwetu Mandewa kila kitu chenye thamani kilivaa. Jokofu lilivaa, televisheni ilivaa, chupa za chai zilivaa sare, na rimoti iliishi ndani ya nailoni tangu siku iliyotoka dukani. Mama alifuma vitambaa hivyo kwa mkono wake, akavifua na kuvipiga pasi kila Jumamosi. Marehemu baba alikuwa akisema hakai sana sebuleni, asije akafumiwa cha kwake.

Basi gesti yetu ilipofungiwa intaneti ya biashara, kilichofuata kilijulikana. Fundi aliweka ruta kubwa yenye antena nne juu ya kabati la mapokezi, na pembeni yake swichi ya kugawa nyaya kwenda vyumbani na ukumbini. Hata hajafika barabarani, mama alikuwa anapima urefu wa antena kwa kiganja. Alifuma kitambaa cheupe chenye maua mekundu kwenye pindo, na matundu manne ya kupitishia antena. Kilikuwa kizito, maana vumbi la Singida likiletwa na upepo wake halibishi hodi. Mimi ndiye niliyekuwa mapokezi, na kwa sababu nilikuwa na simu kubwa kuliko wenzangu, nikawa pia mtaalamu wa kompyuta. Nilikitazama kile kitambaa, nikaona ruta yetu imependeza.

Kisha ikaja semina. Sijui mpaka leo ilihusu nini, na nina shaka kama waliohudhuria walijua. Ila kwa gesti yenye vyumba vingi kuliko wageni, semina ni mvua. Mama alikuwa amemwomba Mungu aipate, akachinja kuku kabla hata mabegi hayajashuka kwenye gari. Mkuu wao, mzee mmoja mwenye miwani iliyokaa kwenye paji la uso muda wote, alisema jambo moja tu: wakuu wa Dodoma wangewatazama kwa njia ya mtandao. Mtandao ukisimama vizuri, semina zote za mwaka ule zingekuwa zetu. Ukisumbua, kule ziwani kuna hoteli yenye ukumbi na kiyoyozi.

Asubuhi, wakuu wa Dodoma walitokea ukutani kwa projekta, wakasema "mnatusikia?" wakapotea. Wakarudi, wakapotea tena. Mzee akatoka ukumbini na miwani yake pajini.

"Mama, tukimaliza chai hali ikiwa hivi, tunahama."

Mama alinitazama. Kuku walikuwa jikoni wanachemka, na hakuna anayekula kuku wa semina iliyohama.

Nikapiga simu huduma kwa wateja, nikaweka spika. Kwanza nilipigiwa muziki. Kisha mwanamke wa mashine akanieleza jinsi simu yangu ilivyo muhimu kwao, halafu muziki tena. Mwishowe akatokea kijana wa Dar es Salaam.

"Habari za asubuhi, mpendwa mteja. Nikusaidie nini?"

Kabla sijafungua mdomo, mama aliichukua simu.

"Mpendwa wa nani? Wewe ni wa umri gani?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, sasa tunaweza kuongea."

Kijana alikuwa na utaratibu wake, na aliufuata kama katekista. Umeme upo? Upo. Mmelipia? Mama alikaribia kumkatia simu hapo, nikamshika mkono. Izimeni, msubiri, muiwashe. Tukaizima, tukasubiri, tukaiwasha. Ikakaa muda wa kunywa nusu kikombe, ikazima yenyewe. Angalieni waya nyuma. Tukaangalia. Kule ukumbini vijiko vilikuwa vinagonga vikombe kwa kasi nisiyoipenda. Semina nyingine hunywa chai mpaka mchana, lakini hii yetu ilikuwa na watu wenye haraka.

"Mama, taa ya tatu kutoka kushoto ina rangi gani?"

"Ngoja nifunue nione."

Mama akanyanyua pindo kwa vidole viwili, akachungulia, akalishusha. "Nyekundu."

"Na ya nne?"

Akanyanyua tena, akashusha. "Haiwaki."

Sauti ya kijana sasa ilikuwa imetoka kwenye utaratibu.

"Samahani, mama. Unafunua nini?"

"Kitambaa."

"Cha kufuma?"

"Sasa kingine kipi?"

"Kwani nyie mko wapi?"

"Singida."

Alicheka mpaka spika ikakoroma. "Mimi ni wa hukohuko, Kinampanda, mama. Redio ya mama yangu ilikufa ikiwa imevaa hivyohivyo."

"Ah, Mnyiramba!" Mama alichangamka mara moja, kama aliyepata jirani wa kumtania. "Basi ndiyo maana unatuzungusha. Tungempata Mnyaturu mwenzetu tungekuwa tumeshamaliza."

"Mnyaturu ndiye aliyeifunika, mama. Naomba uivue. Ni joto linaloizima."

"Niivue? Mbele ya wageni?"

"Yote."

Nilikuwa nimeuma ulimi nisicheke. Mficha uchi hazai, nikamwambia, na akanipiga jicho la kunikausha. Tuliivua antena moja baada ya nyingine, na mkono wangu ulipogusa ruta niliuondoa haraka, ungeweza kuchoma chapati pale. Tukaielekezea feni. Ikakaa pale juu ya kabati, nyeusi na tupu, ikipepewa kama bibi harusi. Taa zikaanza kugeuka kijani, moja, halafu nyingine, na kutoka ukumbini tukasikia wakuu wa Dodoma wakiuliza tena kama wanasikika. Safari hii hawakupotea.

Mzee akatoka, na nyuma yake wajumbe kadhaa wenye mandazi mkononi.

"Hongereni. Kwani tatizo lilikuwa nini?"

Mama alikuwa ameshika kitambaa kwa mikono yote miwili. Hiki alikifuma wiki nzima, akakionyesha hadi kanisani, na sasa ilimpasa aseme mbele ya watu wa semina kwamba ndicho kilichokuwa kinainyonga ruta. Uso ulimshuka. Nilitamani nimjibie, nikakosa uongo wa haraka, mimi ambaye kwa kawaida sikosi.

Mzee aliiona simu juu ya kaunta, ikiwa bado hewani. Akainama.

"Kijana, hebu tuambie, shida ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa huku kwetu, mzee," akasema. "Mitambo yetu. Huyo mama hana kosa lolote, yeye ndiye aliyetusaidia kuligundua tatizo. Tunaomba radhi sana."

"Nilijua tu," mzee akasema, akawageukia wenzake. "Watu wa Dar hawa." Wakarudi ukumbini, wao na mandazi yao.

Mama aliichukua simu, akatoa spika, akaibana sikioni akigeukia ukuta. Nilisikia neno moja tu alilomwambia yule mtoto wa Kinampanda, na alilisema taratibu sana.

"Ahsante, baba."