Mtamba wa Baba Kwenye Hisa

Mimi sikununua hisa kwa sababu nilizielewa. Nilinunua kwa sababu zilikuwa zinapanda, na walimu wenzangu karibu wote pale Maretadu walikuwa wameshanunua. Naanza na hilo kabisa, maana nimechoka kusikia watu wakijifanya eti walipiga hesabu.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga. Mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa, na redio ilituambia kila siku kwamba hata mkulima anaweza kumiliki kipande cha kampuni. Kampuni moja yenye kiwanda ilipotoa hisa zake, nilinunua chache kwa akiba ya mshahara. Zilipopanda kidogo tu nikaziuza mbiombio, nikanunua bati za jikoni, nikajiona mjanja. Hisa zikaendelea kupanda. Kila Jumamosi mwalimu wa hesabu alirudi kutoka Mbulu mjini na gazeti, nasi tulifungua ukurasa wa bei kabla hata ya siasa. Walioshikilia zao wakawa wananitania: "Mama Bati, unaonaje?" Nilicheka nao, lakini iliniuma.

Basi nikaenda kwa baba. Alikuwa mfugaji kule tambarare, chini ya Endasak, na mwaka uliotangulia ndigana, ule ugonjwa wa kupe, ilikuwa imefagia zizi lake. Walibaki ng'ombe wanne, mmoja wao mtamba mwekundu ambaye mama alikuwa akimngojea azae ili apate maziwa ya nyumbani. Nilimtaka huyo. Nikamweleza baba kwa mambo anayoyajua. Kwetu mtu haweki mifugo yote kwenye zizi moja. Humweka ng'ombe kwa rafiki kijiji kingine, rafiki akanywa maziwa, ndama wakawa wa mwenye mali. "Hisa ni hivyohivyo, baba. Unamweka ng'ombe kwa kampuni. Gawio la kila mwaka ndio ndama."

Alifikiri sana. "Na mwenye zizi ni mtu mzuri?"

"Mzuri sana," nikasema, mimi ambaye kiwanda chenyewe sijawahi kukiona hata kwenye picha.

Baba akakubali. Mtamba akauzwa mnadani Katesh, nami nikanunua hisa kupitia dalali wa Arusha, kwa bei ya juu ambayo gazeti lilikuwa halijawahi kuiandika.

Zilipanda wiki nne. Kisha zikaanza kushuka. Mwalimu wa hesabu akauza zake mapema, akanishauri nami niuze. Nikakataa. Nilisema nitauza zikirudi pale niliponunulia, kana kwamba kampuni inajua mimi nilinunua bei gani. Sikio la kufa halisikii dawa. Zile za faida niliziachia haraka, hizi za hasara ndizo nikazikumbatia. Na kila baba aliponiletea salamu kwa wasafiri, akiuliza mnyama wake anaendeleaje, nilijibu, "Mzima, anakula vizuri." Miezi minane nilijibu hivyo.

Lakini mwenye ng'ombe ana haki ya kwenda kumtazama. Siku moja baba alitokea kwangu amevaa shuka safi, fimbo mkononi. "Mama," akaniambia, maana aliniita hivyo tangu utotoni, "twende Arusha nikamwone mtamba."

Nilitoa kila kisingizio: mitihani, mvua, ubovu wa barabara. Alinisikiliza, akaomba chai, akakaa. Kesho yake tukapanda basi.

Ofisi ya dalali wa hisa ilikuwa ghorofani, chumba kimoja na meza mbili. Binti wa pale alimwamkia baba shikamoo, akampa kiti, akasikiliza maelezo yake yote kuhusu mtamba mwekundu bila kucheka. Mungu ambariki popote alipo. Akatazama kompyuta, akamweleza taratibu kwamba bei imeshuka zaidi ya nusu.

"Tangu lini?"

"Ilianza kama miezi minane hivi, mzee."

Baba akanigeukia. Nilitamani anitukane. Mwalimu mzima, mama wa watoto, nilishindwa kuinua uso.

"Kwetu ng'ombe akifa," akasema polepole, "aliyemtunza huleta ngozi siku ileile. Ng'ombe kufa si kosa. Wangu wamekufa wengi mikononi mwangu. Lakini wewe ulijua, mama, ukaniambia anakula?"

Nikalia mbele ya binti wa watu. Nikamwambia baba ukweli wote: kampuni sikuijua, niliona wenzangu wanakimbia nami nikakimbia, na bei ilipoanguka nikaona aibu kwake na kwa mama. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akamwomba binti auze.

Siku hiyo wanunuzi hawakuwepo. Soko lenyewe lilikuwa dogo. Unaacha oda yako, unangoja. Ilichukua wiki tatu. Pesa nilizopeleka nyumbani zilitosha kununua ndama jike mmoja, ndiyo kwanza ameachishwa kunyonya. Kaka yangu alikasirika, akasema ng'ombe wa maskini hazai na mimi nimehakikisha. Mama alimshika ndama masikio, akasema atazaa tu, miaka mitatu si mingi. Hilo liliniuma kuliko hasira ya kaka, maana mama alikuwa ameshazeeka.

Mwezi uliofuata ugonjwa ukarudi tambarare. Baba alikuwa na marafiki wengi huku milimani ambao wangempokea ndama wake siku yoyote, na kaka alimwambia waziwazi kwamba mimi siwekewi tena hata kuku. Mzee akamswaga ndama yule kwa miguu, akalala njiani, akafika mlangoni kwangu magoti yamejaa vumbi.

Nilimwamkia. Akaitikia, akanipa kamba.

"Akiugua," akasema, "niambie angali mgonjwa."