Hiasinti za Clementina

Clementina alitoka Marangu mwaka 1969 kumfuata mumewe, Method, aliyekuwa akisomea ufundi wa umeme Stockholm. Mimi nilikuwa mtu wa kutembeatembea, na matembezi yangu mengi yaliishia Spånga, pembezoni mwa jiji, kwenye banda la vioo alikopata kibarua cha maua. Humo mlikuwa na joto, na chai haikukosekana.

Mwenye banda, Bi Gunvor, alimwambia wazi: "Kasha hili la hiasinti ni lako peke yako. Yakichanua vizuri kwa mnada wa Krismasi, nakuandika kazi ya kudumu."

Hiasinti ni maua yanayoota kutoka kwenye kitunguu, na msimu wake ni baada ya theluji. Ukiyataka Desemba, uyadanganye: unayalaza gizani, kwenye banda la baridi, wiki kumi, yadhani baridi ya mwaka imekwisha. Ndipo unayaleta kwenye joto.

Wiki ya sita Clementina akachungulia. Vichipukizi vyeupe, na barafu ukingoni mwa kasha. Huruma ikamshika. Kwao mlimani mche mchanga hufunikwa kwa majani ya mgomba, hauachwi na baridi. Akalibeba kasha hadi karibu na boila, mtambo wa kupashia banda joto, asimwambie mtu.

Yakachanua mapema kweli, ila chini kabisa, yamebanwa na majani, hayana shingo.

Njoroge, Mkenya aliyeendesha gari la maua, alicheka hadi akakaa. "Dada, haya yako yamejikunyata kama mimi nikingoja treni!"

"Cheka tu, kaka. Kibarua changu ndicho kinachoota nyasi."

Akaenda mwenyewe kwa Bi Gunvor. "Niliyatoa mapema. Niliyaonea huruma."

Yule mama akamkabidhi magazeti ya zamani. "Yavishe kofia. Gizani hurefuka."

Akakunja kofia za karatasi, akayafunika moja moja. Baada ya juma, machache yakarefuka, mengi yakagoma. Mnada ulibaki siku tatu. Basi Clementina akayapanda mafupi matatumatatu kwenye mabakuli yenye kina kifupi, akayazungushia kuvumwani, ule mmea laini wa kijani unaotambaa juu ya mawe, tuliyofukua chini ya theluji, nyuma ya reli. Humo ufupi haukuonekana kasoro.

Bi Gunvor akaizunguka meza mara mbili. "Njoroge, pakia."

Jumapili mabakuli yote yalikuwa yamenunuliwa.

"Januari uje uandikishwe," akamwambia Clementina. "Ila ufunguo wa banda la baridi nakaa nao mimi."