Kambale Walipoanza Kulana

Hakuna mtu anayejua unga wa samaki kama mimi. Gunia likiwa bado kwenye toroli huko barabarani, nanusa tu na kukwambia huu ni wa dagaa, huu wa vichwa vya sangara, huu umenyeshewa.

Nilikuwa, niseme. Tangu nimzike mume wangu pua haisikii kitu. Ukiniwekea soksi ya askari chini ya pua nitakuuliza chai iko wapi.

Sasa nisikilizeni.

Kilichoanza ni paka. Kila asubuhi nikibeba ndoo ya chakula kwenda bwawani, paka wa mtaa mzima walinifuata mkia juu, kama mimi ni bibi harusi na wao wapambe.

Asubuhi moja nikageuka. Hakuna hata mmoja.

Nikasema sawa, nao wamenichoka.

Halafu kambale wakaanza kulana.

Wa kwanza nilimkuta anaelea, hana mkia. Kesho yake mwingine, ubavu umeliwa. Nikawaopoa, nikawafukia nyuma ya choo, nikaenda kunywa chai.

Mtadhani nililia. Wapi. Kipindi kile hata nyumba ingeungua ningesogeza kiti tu.

Bwawa lilikuwa la mume wangu. Alilichimba mwenyewe kwa jembe, watu wanamcheka. Baada ya msiba familia ikakaa kikao, na shemeji, kaka mkubwa wa marehemu, akatamka: mavuno haya yakiwa mazuri, bwawa anabaki nalo mjane. Yakiwa mabaya, linafukiwa, na kiwanja anachukua wifi yangu ajenge mabanda ya kuku.

Wifi alinikumbatia siku ile mpaka kilemba kikanidondoka.

"Wifi yangu, nakuombea uvune mpaka ushindwe kubeba!"

Yeye ndiye aliyenilishia samaki wakati wa matanga. Ufunguo wa pili wa stoo akabaki nao. Sikumwomba anirudishie. Nilikuwa simwombi mtu kitu.

Siku moja kijana wa duka la vyakula vya mifugo akapita kuniangalia. Akachota chakula kwenye ndoo, akanusa.

"Bibi, unawalisha nini hawa?"

"Pumba, mashudu, na unga wa samaki ulioniuzia wewe."

"Humu hamna samaki. Kambale anataka nyama, bibi. Ukimnyima, anaitafuta kwa jirani yake."

Tukaenda stoo. Akachota kwenye gunia, akamimina kwenye glasi ya maji, akakoroga.

Vumbi la mbao likapanda juu. Mchanga ukatulia chini.

Na mimi nilikuwa nauchanganya kila siku kwa mikono hii. Mikono ilikuwa kazini, mwenyewe sikuwepo.

"Bibi, haki ya Mungu mimi sikukuuzia hiki!"

"Najua, mwanangu. Futa jasho."

Nikaitafuta hasira. Nikaisubiri palepale mlangoni. Haikuja. Kilichokuja ni wazo. Unga wa samaki si kitu cha kutia kwenye chai. Ukitoka stoo kwangu, kuna matumbo umeingia. Na mwenye ufunguo wa pili ana kuku.

Nikaagiza magunia mawili. Moja nikalisukuma chini ya kitanda, upande aliokuwa akilala mume wangu. Hilo ndilo la kambale. Harufu? Pua mbovu nayo ina faida zake.

La pili nikaliweka stoo, unga safi wa dagaa watupu. Nikamwita wifi.

"Wifi, nimeletewa unga mzuri, we acha tu!"

"Hongera, wifi yangu," akasema, macho yameshafika stoo.

Gunia la stoo likawa linakonda kama mgonjwa. Kambale wangu wakaacha kulana, wakaanza kunenepa.

Siku ya kikao cha pili cha bwawa ilipofika, kabla ya mavuno, nikamwambia, "Wifi, shemeji anakuja. Tuletee mayai ya kuchemsha, maana ya kwako hayana mpinzani." Akaja nayo, sufuria limejaa.

Shemeji akakaa. "Nasikia samaki wamekufa."

"Maskini, wifi anajitahidi," wifi akadakia. "Ila umri, kaka. Hata anachokichanganya hakijui."

"Na unga unapungua stoo," nikasema. "Hujaona mtu, wifi?"

"Mimi? Stoo yako siingii! Ule unga unanitapisha. Kwangu samaki haingii ndani, hata dagaa mmoja, waulize wanangu. Na kuku wangu ni pumba na majani tu."

"Kula yai, shemeji," nikasema.

Akamenya. Akauma. Akatafuna, kisha taya zikapunguza mwendo. Akalitazama yai kama limemwita jina.

Mnaofuga, somo lenu ni hili, nalitoa hapa kabla sijasahau. Kuku anayetaga mpe unga wa samaki kidogo sana. Ukizidisha, yai linakusema. Na wengine: ukimwibia mjane, iba matofali. Usiibe kitu kinacholiwa. Bwawa ninalo mpaka leo, na wale kambale niliwavuna wanene kama mapaja ya mwenyekiti. Watu huniuliza kama nilifurahi. Nilivuna.

Turudi mezani.

"Hili yai," shemeji akasema, "lina dagaa."

"Aaa, kaka! Ni hilo sufuria!" Wifi akacheka peke yake. "Jana nilichemshia dagaa, sikulisugua vizuri."

Shemeji akaliweka chini yai lililobaki, taratibu.

"Ulichemshia wapi, dada?"

Wifi akachukua yai, akaanza kulimenya.

Nikamsogezea chumvi.