Mikono ya Kipa Wetu

Nimeishabikia timu ya mtaa wetu wa Bigo tangu nikiwa msichana, na sijawahi kumwogopa mshambuliaji wa mtu. Ninayemwogopa ni yule mwenye mabuti marefu ya machimboni, anayekuja kusimama nyuma ya goli letu.

Huku Bunia kipa mzuri hadumu. Kwenye mashimo ya dhahabu udongo hupandishwa kwa kurushiana: mmoja anarusha beseni, wa juu yake analidaka, naye anamrushia mwingine, mpaka juu. Likimponyoka mmoja, linawaangukia walio chini. Kwa hiyo wenye mashimo, tunaowaita mapedeje, hawaji uwanjani kutazama mpira. Wanakuja kutazama mikono.

Kipa mmoja walimchukua hivyo, shimo likamfunika, hatukuzika hata kiatu. Aliyemfuata alirudi, lakini kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili na bado kinamwagika. Siku hizi akina mama wa Bigo wanawakataza watoto wao kusimama golini. Waache wafunge magoli, wanasema, kudaka ni kujitafutia kaburi.

Amebaki huyu mmoja, mtoto wa jirani yangu. Amekulia kibarazani kwangu, chini ya cherehani, na glavu zake nimezishona mimi. Viongozi wa timu waliponiuliza, "Mama, huyu akienda, gardien wa goli letu itakuwa nani?" niliwafukuza. Wajinga wale! Kana kwamba mimi nilikuwa nawaza kitu kingine zaidi ya kuondoka kwake.

Jumapili tulicheza na timu ya Shari. Kabla mechi haijaanza nikaona mabuti yenye matope mekundu nyuma ya milingoti. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nilishaumwa mara mbili. Nikamfuata kijana alipokuwa anavaa.

"Ule pedeje amekuambia nini?"

"Amesema kama nikidaka muzuri, kesho asubui tunaenda naye."

"Na weye?"

"Nilikubali, mama. Baba iko mugonjwa, na siye kwetu hatuna kitu. Usiogope, niko na mikono."

Nilitaka kumzaba kofi. Badala yake nikamfunga kamba za glavu, nikazipiga mafundo mawili mawili hata akanicheka.

Mpira ulichezwa mpaka karibu na mwisho bila goli, kisha Shari wakapewa penalti. Akina mama walioketi nami wakaanza kuomba kwa sauti, Mungu amsaidie adake. Na mimi niliomba, kuwapita wote, ila kimoyomoyo. Mungu wangu, mpira uingie. Shari nzima itucheke, nitavumilia. Umpite pembeni, umponyoke, aonekane hafai.

Akaruka. Hakuupangua, aliudaka, akaanguka nao kifuani.

Bigo nzima ikamiminika uwanjani. Mimi nilibaki kwenye kigoda changu. Yule pedeje hakushangilia. Aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepata alichokuja kununua, akaenda kusubiri kando ya pikipiki yake.

Katikati ya kelele kijana alinitafuta kwa macho. Aliponiona akainua juu mikono yote miwili, anionyeshe glavu zangu zilivyofanya kazi. Uso wake ulikuwa unasubiri, nikampigia makofi.