Mafuta Yalipoisha Ghalani

Wewe unanijua, mimi si mtu wa sinema. Lakini mwaka jana kazi ilinipeleka Mumbai, na mwenyeji wangu wa ofisini akanikokota hadi kwenye tamasha la filamu za watu wanaojitengenezea wenyewe, bila kampuni kubwa nyuma yao. Kiyoyozi kilikuwa kikali, watazamaji wamevaa miwani mizito, na hakuna aliyeimba kwenye filamu hata moja. Nikawa nasinzia kistaarabu. Ya mwisho ilihusu mama anayemsubiri mwanawe aliyekwenda kuchimba makaa ya mawe. Mama yuko jikoni anapika, mlango unagongwa, anaweka mwiko chini, anafungua. Hapo hapo picha ikazimika, taa za ukumbi zikawaka. Watu wakanung'unika. Mimi usingizi ulinitoka, nikawa nimerudi Bunda.

Filamu za Kihindi nilianza kuziona kule, kwenye ghala la pamba, enzi zile sabuni ilikuwa ya foleni na petroli ya kibali. Biashara zilipoanza kulegezwa, mwenye duka mmoja akarudi kutoka Mwanza na video, televisheni, jenereta na mkanda mmoja tu. Jumamosi mchana tulikaa juu ya marobota tukitafuna michembe, yale makopa ya viazi vitamu yanayotaka meno. Tulitoka na pamba kichwani, watoto tumeota mvi. Kihindi hatukukijua, na Kiswahili chenyewe wengi wetu tulikuwa tunakisikia shuleni tu. Hilo halikumzuia mtu kulia.

Bibi yangu, mzaa mama, alitoka nami kijijini kwetu Guta kwa miguu. Mkanda ule ulikuwa wa mama aliyepotezana na mwanawe stesheni ya treni. Mtoto anakulia mbali, anakuwa mwanaume, anaanza kumtafuta. Siku moja anafika kwenye uzio wa nyumba. Mama yuko ndani, anachochea moto. Hapo jenereta linakohoa, na kioo kinakuwa cheusi. Ilikuwa hivyo kila Jumamosi, maana mafuta ya kibali yalikuwa ni yaleyale. Ukimshauri mwenye duka aanzie katikati, ghala zima linakuzomea: nyimbo ziko mwanzoni.

Wengine walicheka wakaenda zao. Bibi hakucheka. Mjomba wangu, mwanawe wa pekee wa kiume, alikuwa amekwenda Buhemba kuchimba dhahabu, akaahidi kurudi kabla ya kupanda. Tulipanda, tukapalilia, tukavuna. Habari za mashimo yaliyoporomoka zilifika, jina lake halikufika. Kila jioni Bibi alimwekea ugali wa muhogo na furu, visamaki vya ziwani, akafunika kwa sahani. Asubuhi tuliula sisi wajukuu, na ulikuwa mtamu kuliko wa moto.

Jirani yetu, mwanamke asiyejua kumung'unya maneno, alimwambia njiani tukitoka ghalani, "Mama, yule mtoto hajafika. Angekuwa amefika si tungemuona?"

"Amefika," Bibi akasema. "Sema mafuta yanaishaga."

"Umejuaje wewe?"

"Si umemuona mama yake anapika? Mtu hapikiagi asiyekuja."

Baadaye petroli ilipatikana hata kwenye vidumu vya barabarani, lakini mwenye duka alikuwa ameshaubadilisha mkanda ule kwa filamu za karate. Mwisho wake hatukuuona.

Kule Mumbai, dada aliyetengeneza filamu alisimama mbele akatuuliza ni nani aliyegonga mlango. Mzee mmoja akasema ni watu wa mgodi, wameleta msiba. Wengi wakatikisa vichwa kukubali. Sijui nini kilininyanyua.

"Ni mwanawe," nikasema. "Amerudi."

"Umejuaje?"

"Mama alikuwa anapika."

Ukumbi ukacheka, nikakaa.

Ghala lile siku hizi linauza saruji. Jirani alihamia Musoma, akafia huko. Bibi tulimzika Guta, na mpaka wiki ile ya mwisho aliuliza kama chakula kimefunikwa. Mjomba hakurudi, wala hakuna aliyetuletea neno. Wa kusema amerudi nimebaki mimi.