Karanga za Kuonja

Mimi nimejitengeneza mwenyewe. Shule niliiacha darasa la nne, nikaanza kununua karanga debe moja moja kule Mlali na kuziuza kwa kisado hapa mjini. Leo nina ghala la mabati Dodoma, nina mizani ya chuma inayopima magunia mawili kwa mpigo, na watu wenye digrii zao wananiita bosi. Sisemi haya kwa kuringa sana, ingawa kuringa kidogo naruhusiwa. Nayasema ili ujue kwamba mtu kama mimi hakuzoea kuambiwa kuna kitu kimemshinda. Na kitu kilichonishinda kilikuwa mdomo wangu mwenyewe, saa za jioni.

Yote yalianza na henia. Miaka mingi nilibeba magunia kwa mgongo huu huu kabla sijawa na watu wa kunibebea, na mwili haukusahau. Uvimbe ulitokea chini ya tumbo, nikikohoa unatoka, nikilala unarudi. Nilikaa nao mwaka mzima nikijidai sina shida. Mke wangu ndiye aliyenipeleka hospitali, maana kwa miguu yangu nisingeenda.

Daktari alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu wa kwanza. Aliniamkia vizuri, akaniminya, akanipandisha kwenye mizani: kilo mia na kumi na nane. Akapima na presha, akatikisa kichwa.

"Mzee wangu, kukupasua kwa uzito huu na presha hii siwezi. Shuka mpaka mia, ndipo urudi."

"Mia ni gunia moja," nikamwambia. "Hilo nalijua vizuri kuliko wewe."

"Basi uwe gunia moja, mzee. Sasa hivi wewe ni gunia na debe juu."

Mke wangu akageuka kutazama ukuta ili asicheke. Lakini binti yule hakuwa anatania. Alitueleza kwamba utumbo unaweza kunasa pale kwenye tundu la henia wakati wowote, ukikosa damu unakufa, na hapo watanipasua nikiwa hivyo hivyo nilivyo, nipende nisipende. "Kwa hiyo fanya haraka," akasema, "kabla haujanasa."

Tukarudi nyumbani.

Mke wangu hakunihubiria. Kesho yake tu chakula cha jioni kilitoka saa kumi na mbili badala ya saa mbili: ugali wa uwele, tonge la ukubwa wa ngumi, na mlenda. Mimi huo mlenda nilikuwa nimeapa sitaugusa tena. Nilikula utoto mzima, na siku niliyoanza kupata hela nilisema mezani kwangu itakuwa nyama kila siku, na ikawa nyama kweli. Sasa nikaukuta tena mbele yangu, unavutika kama zamani. Nikala. Mke wangu akala huo huo, yeye ambaye hakuwa na gramu moja ya kupunguza.

Kazi ilikuwa baada ya hapo. Ikifika saa moja, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara anawasha mkaa, anaweka mishkaki, na upepo wa Dodoma wa mwezi wa sita unauchukua ule moshi na kuuleta moja kwa moja puani mwangu, kama vile umetumwa. Mate yananijaa. Naanza kufikiria chips mayai, naona kabisa yai linavyoshikana na viazi kwenye kikaango. Si njaa ile. Njaa naijua, nimeishi nayo. Huu ni uchu, na uchu unakuja kwa mtu aliyeshiba. Lakini nilikaza. Sikuvuka ile barabara hata siku moja, na nilijisifu kwa kila aliyetaka kunisikiliza na kwa wengine ambao hawakutaka.

Miezi miwili nilikaza hivyo, kila Jumamosi nikipanda mizani ya ghala langu. Sikuiamini ya mtu mwingine. Mia na kumi na nane. Mia na kumi na nane. Kisha mia na kumi na tisa.

Hapo nilichanganyikiwa. Ule uvimbe ulikuwa umeanza kuuma nikisimama sana, na siku mbili ulichelewa kurudi ndani. Niliogopa, na mimi nikiogopa nakuwa mkali. Jumapili ile dada yangu alikuwa amekuja kutoka Kondoa, alikoolewa, tumekaa mezani. Nikaonja mlenda, nikaweka tonge chini.

"Mlenda huu una mafuta," nikasema. "Huyu ananitilia mafuta kwa siri. Hataki nipasuliwe. Anasubiri nife arithi ghala."

Dada yangu akashika kichwa. "We kaka! Umesikia ulichosema?"

"Nimesikia. Mizani haisemi uongo."

"Mizani haisemi uongo, lakini wewe je? Wifi, usimsikilize huyu, njaa imempanda kichwani."

Mke wangu alikusanya sahani, akaenda kuziosha. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, hajawahi kunipandishia sauti, na siku ile nilitamani angefanya hivyo.

Kesho yake jioni, saa kumi na moja, wakati Fuso zinaingia kutoka vijijini, nikamwona anaingia ghalani na bakuli la plastiki, lile kubwa la kuoshea mboga. Akawasalimu wabebaji, akavuta kigoda, akakaa karibu na mimi.

"Mama watoto, kuna nini?"

"Nimekuja kukutembelea. Kwani siruhusiwi?"

Nikaendelea na kazi. Na kazi yangu jioni ni kuonja. Mtu akishusha karanga, siziamini kwa macho. Nina jiko dogo na kikaango pembeni. Nachota konzi kila gunia, nazigusisha moto, natafuna. Nikizitafuna najua kama zilinyeshewa, kama zimekaa mwaka, kama zina uchungu wa kuvu. Kwa ulimi huu nimekataa magari mazima, na hakuna mteja aliyewahi kunirudishia mzigo. Ndiyo sifa yangu mjini hapa.

Nilipochota gunia la kwanza, mke wangu naye akanyoosha mkono, akachota konzi ile ile, akaitia kwenye bakuli. Gunia la pili vivyo hivyo. Nilidhani anataka karanga za nyumbani. Gunia la sita nikarudia mara mbili, maana zilikuwa tamu. Naye akachota mara mbili. Mwenye mzigo akaniuliza, "Bosi, bi mkubwa naye ananunua?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Gari la pili lilipokwisha kushushwa, jua linazama, akaliinua lile bakuli kwa mikono miwili. Lilikuwa limejaa mpaka karanga zinamwagika. Akalitua miguuni pangu.

"Haya, baba watoto," akasema taratibu. "Hiki ndicho ulichokula tangu nimekuja. Sasa twende nyumbani ukale mlenda wangu wenye mafuta."

Wabebaji wakasogea. Mimi nikatazama lile bakuli. Nilitaka kusema kuonja si kula. Nilikuwa naamini hivyo kweli, tangu naanza biashara: chakula ni kile unachokalia na kunawia mikono. Lakini lile bakuli lilikuwa limejaa. Kila jioni, miezi miwili, nimekuwa nakula bakuli zima halafu nakwenda kumwita mke wangu muuaji.

Nikasimama. "Nisamehe," nikamwambia, na nikalisema kwa sauti, wote wasikie, kwa sababu na ubaya niliusema mbele ya mtu. "Nilikukosea sana."

"Nimesikia," akasema. "Twende, ugali unapoa."

Kuanzia siku ile akawa anaonja yeye. Niliona ni mzaha, mtu asiyejua biashara, lakini wiki ya pili alitema karanga za gunia ambalo mimi kwa macho ningelipitisha, tukalimwaga chini, na katikati tukakuta ukungu. Ulimi wake ni mzuri kuliko wangu. Naliandika hili mara moja tu, sitalirudia.

Mimi nikabaki nimesimama pembeni na mdomo mtupu, na hizo ndizo jioni ngumu kuliko zote nilizopitia. Harufu ya karanga za moto, na mkono unajiendea wenyewe kuelekea gunia. Mara mbili niliukamata njiani. Nikakata mswaki wa mti, nikauweka mdomoni kuanzia saa kumi na moja mpaka naingia kulala. Mdomo ulikuwa unataka kazi, nikaupa kazi. Nilitafuna miswaki kama mbuzi. Na uchu nikajifunza tabia yake: unakuja kwa kishindo kama mdai, ukiuacha umesimama mlangoni dakika chache, unaondoka wenyewe.

Maneno ya watu nayo yalikuja. Mashavu yalipoanza kuingia, wakasema bosi amefilisika, wengine wakanipa magonjwa. "Bosi, hilo shati umeazima kwa kaka yako?" mbebaji mmoja akaniuliza. Nikamjibu ni la kwangu, ila mwenyewe nimesafiri. Zamani ningemfukuza.

Ilichukua miezi mitano. Yule binti daktari alinipandisha kwenye mizani yake mara mbili, haamini: tisini na tisa. Nilimwambia gunia limepungua kilo moja, mteja asilalamike. Utumbo haukunasa. Wiki iliyofuata nikapasuliwa, nikaamka, nikamwona mke wangu amekaa kwenye kiti cha chuma na chupa ya uji, na sijawahi kushukuru Mungu kwa kumwona mtu kama siku ile.

Jioni ya pili shemeji yangu akaja kunitazama na kuku mzima wa kuchoma amefungwa kwenye karatasi. Wodi nzima ikanukia. Mke wangu alitazama dirishani, akaniachia niamue mwenyewe. Kwenye kitanda cha jirani alilala mzee mmoja ambaye siku zote mbili hakupata mgeni. Nikamwambia shemeji ampe yeye. Mzee alikula kwa mikono miwili, mifupa akaivunja, akafyonza.

"Unamwangalia nini mwenzio?" mke wangu akauliza.

"Naangalia mtu anavyojua kula."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshiba uji wako."

"Muongo mkubwa."

"Muongo, ndiyo. Lakini muongo mzima, amekaa mbele yako."

Akaanza kucheka, nikacheka naye, mshono ukavuta, nikamshika mkono nikimwomba kwa jina la Mungu aache kunichekesha.