Majani ya Biro na Bidon ya Kasha

Wiki hii nilikuwa mu biro moja, ofisi ya hapa Bukavu, pale watu wanapelekaka malalamiko ya maji. Maman moja wa mutaa wa Kasha, bidon tupu ya kuchotea maji kwa mukono, alikuwa anaeleza: robine yao ya maji imekauka, watoto wanakunywa maji ya mutoni. Papa wa biro hakumuangalia. Alikuwa ananywesha majani yake membamba ya mapambo, yenye iko mu chungu, na maji ya chupa, pole pole, kisha anapangusa jani moja moja. Hata mutoto wake sizani anamupangusaka vile.

"Papa, uko unanisikia?"

"Vumilia kwanza, maman. Hii ikikosa maji kidogo tu, inakufa."

Maman akaangalia ule udongo wa chungu uliolowa.

"Kumbe kosa yetu sisi ni kuchelewa kufa."

Akatoka. Papa akamuita: afunge mulango, upepo inaharibu majani.